Urefu wa Kitanda Kimoja

Nimewauliza watu maswali mengi maishani, mengine yakanifukuzisha kazi, lakini Mzee wa Kunyausha sikuwahi kumuuliza alizaliwa wapi wala baba yake alikuwa nani. Nilimkuta akiwa tayari mzee na tayari yuko juu, kwenye ghorofa ya kiwanda kimoja cha chai upande wa Kimulot, na haikunijia kwamba aliwahi kuwa mahali pengine. Jina lake lilikuwa kwenye kadi ya kazi kama majina yetu sote. Hakuna aliyelitumia. Hata mkewe, nilipomfahamu baadaye, alisema "Mzee" na akaishia hapo.

Kwa asiyeijua kazi yenyewe: majani mabichi huja na lori kutoka kwa wachumaji, yakapandishwa juu, yakatandazwa kwenye vitanda virefu vya waya, na upepo wa feni ukapita chini yake tangu leo mpaka kesho. Yanapoingia huvunjika ukiyakunja. Yanapotoka ni laini kama ncha ya sikio, ndipo huteremshwa kwenye mashine ya kukata. Yakikaa muda mfupi mno, mashine huyasaga vibaya. Yakipitiliza, yamekufa, na chai yake ni maji ya rangi tu. Kujua ni wakati gani wa kuyatoa, hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Mzee. Kulikuwa na kipimajoto ukutani na daftari lililofungwa kwa kamba kwenye msumari, na yeye hakuvitazama. Alichota konzi ya majani, akayabana, kisha akafungua kiganja na kungoja. Donge likifumuka haraka alisema, "Bado inakataa." Likifumuka polepole, kama mtu mnene anayeinuka kitini, alisema, "Imekubali," na watu wakaanza kujaza mikokoteni.

Maneno hayo mawili alipimia kila kitu. Kijana mpya aliyeletwa kazini na mjomba wake, akawa anajificha chooni, alikuwa bado inakataa. Barabara ya Roret baada ya mvua ya wiki nzima ilikuwa imekubali, maana yake hakuna lori lingepita. Siku moja kanisani alikuja mhubiri mgeni akahubiri mpaka watoto wakalala chini ya mabenchi. Tulipotoka tukamuuliza Mzee ameyaonaje mahubiri. Akasema yalikuwa yamekubali mapema sana, shida ni kwamba hakukuwa na mtu wa kuyateremsha.

Mimi aliniita Mtu wa Barabara. Nilikuwa nimeacha shule darasa la sita, nikapakia mizigo Nakuru, nikakata miwa Muhoroni, nikakaa mwaka mmoja pwani nikimsaidia mtu kutengeneza redio, na kila mahali niliondoka kabla hawajanizoea. Hilo lilimpendeza, kwa sababu yeye hakuwahi kupita Kericho. Lakini hakuuliza maswali ambayo watu huuliza. Hakutaka kujua majengo ni marefu kiasi gani wala wanawake wa huko wanavaaje. Aliuliza mahali panavyonuka. "Mombasa inanuka nini?" Nikamwambia chumvi, na samaki, na moshi wa magari. Akakaa na jibu hilo siku mbili, kisha akaniambia tukiwa kazini, kama mtu aliyemaliza hesabu ngumu, "Basi hao watu hawawezi kutengeneza chai."

Harufu ndiyo iliyokuwa sheria yake kubwa. Majani yaliyonyauka hunyonya kila kinachonuka karibu nayo, na hayasahau. Kitunguu mfukoni, mafuta ya taa kwenye kiatu, dawa ya kuchua mgongo, vyote vilibaki chini ya ngazi pamoja na mwenyewe. Alimrudisha mkaguzi mmoja kutoka Kericho kwa sababu ya mafuta ya nywele. Mkaguzi akasema anajua kazi yake. Mzee akamjibu kwa upole kwamba anaamini, na akaenda kusimama katikati ya mlango mpaka mkaguzi alipoteremka kuosha kichwa kwenye bomba la uani, katika baridi ile ya Kimulot ambayo ukungu wake hauondoki mpaka saa nne.

Na mtu huyuhuyu alivuta sigara kuliko mtu yeyote niliyemjua. Pakiti moja haikumtosha kutwa. Hakuvuta zenye kichungi, alisema ni kama kunywa uji kwa kitambaa. Nilichunguza kwa wiki kadhaa nijue anafanyaje, kwa sababu koti lake halikunuka hata kidogo, mpaka nilipogundua kwamba makoti yalikuwa mawili. Koti la majani, la kijivu, lilikaa juu kwenye msumari wake. Koti la moshi, jeusi lililotoka pamba mabegani, lilikaa kwenye nyumba ya boila, ambako magogo ya mikaratusi huchomwa kutwa kupata mvuke. Aliteremka kwa koti la majani, akalitundika nje ya mlango wa boila upande usio na upepo, akavaa koti la moshi, akavuta mbili akiwa ameegemea magogo, akavua, akasugua mikono kwa majani mabichi mpaka ikawa ya kijani, akatafuna mengine, akatema, akavaa koti la majani na kupanda. Nilimwona akifanya hivyo mara nane kwa siku. Hakuharakisha hata hatua moja. Kuhusu chai yenyewe, hakuinywa kamwe. Alikunywa maji ya moto, na nyumbani mursik, yale maziwa ya kuganda ya kibuyuni. Chai, alisema, ni kazi.

Ngazi za kupanda kule juu zilikuwa thelathini na mbili. Wazee wa kiwanda walisema zamani alizipanda na gunia begani. Mimi nilipomjua, alipumzika kwenye ya ishirini. Baada ya mwaka, alipumzika kwenye ya kumi na moja, akishika reli, akijifanya anakagua kutu. Siku moja meneja alimkuta hapo midomo imebadilika rangi, akampeleka hospitali Kericho kwa gari la ofisi. Jioni alirudi akatusimulia bila kupamba: daktari amemwambia kifua chake kimebaki nusu, na hiyo nusu anaichoma kila siku. Akiacha sigara, ataendelea na hicho alichobaki nacho. Asipoacha, kitakwisha. Meneja naye alikuwa amesema lake, kwamba mtu asiyeweza kupanda ngazi atatafutiwa kazi ya kukaa getini.

Hilo la geti ndilo lililomwingia. Kufa alikuzungumzia kama mvua. Lakini alitazama mikono yake na kusema, "Nikikaa huko chini, nitashika nini?"

Kwa hiyo aliamua kuacha, na akaamua kwamba hataacha peke yake. Tulikuwa wanne: yeye, Karani wa mizani aliyetoka upande wa ziwa, mwenye shati safi na kalamu nyuma ya sikio, mtu wa boila, ambaye alikuwa na mabega kama kabati na hasira za mtoto, na mimi, niliyeingia kwa sababu nilitaka kuona itakuwaje. Hatukusaini chochote wala hatukuombewa. Jumatatu asubuhi Mzee alichukua koti lake la moshi, akafungua mlango wa boila, akalitupa ndani. Lilishika moto vibaya, likatoa moshi mzito, na mtu wa boila akasema, "Hata koti inavuta." Tulicheka. Ilikuwa mara ya mwisho sisi wanne kucheka pamoja.

Mpango wa Mzee ulikuwa huu. Majani yanapolala kitandani lazima yageuzwe, ya chini yaje juu, la sivyo yanapata joto na kuharibika. Watu wawili husimama huku na huku, wakaingiza mikono chini mpaka kwenye waya, wakainua na kupindua, wakisogea hatua kwa hatua mpaka mwisho. Kiu ikikushika, alisema, usipigane nayo peke yako. Panda juu, mtafute mwenzako mmoja, mgeuze kitanda kimoja. Si lazima mzungumze. "Kiu ya sigara haina urefu wa kupita kitanda kimoja," alisema.

Nilimuuliza amejuaje. Akaniambia ameipima miaka mingi, zile siku ambazo majani yalikuja mengi na hakuweza kuteremka. Alianza kitanda akitamani hata kutafuna kiberiti, na akifika mwisho anakuta amesahau. Halafu anakumbuka kwamba alikuwa amesahau. "Hapo ndipo inarudi," akasema. "Lakini kuna vitanda vingine."

Siku ya kwanza tuligeuza vitanda ambavyo havikuhitaji kugeuzwa. Siku ya pili Karani alitafuna kalamu mbili, wino ukamwagika mdomoni, akapokea majani ya wachumaji akiwa na ulimi wa buluu. Aliacha lori juu ya mizani injini ikinguruma, akapanda ngazi mbilimbili, akasimama upande wa pili wa kitanda namba saba. Mzee alikuwa upande huu tayari. Niliwaona wakigeuza. Karani alipindua kwa pupa mpaka majani yakamwagika sakafuni, na Mzee hakumkemea, yeye ambaye jani moja sakafuni lilitosha kumfanya agombe. Walipofika mwisho Karani aliinama, akaokota yaliyomwagika, akateremka kumalizia lori lake.

Mimi niliota ninavuta. Niliamka nikiwa na hatia, kisha nikakasirika kwamba nina hatia bila sigara yenyewe. Nilikula mahindi ya kuchoma mpaka ufizi ukavimba. Niligombana na mwanamke wa hoteli kwa sababu ya andazi. Kila saa nilijiambia nitaenda zangu Kisumu kesho, maana siku zote nilipobanwa niliondoka, na kila saa Mzee alinikuta na kusema, "Mtu wa Barabara, twende kitanda," na tukaenda.

Mtu wa boila alianguka siku ya tatu. Alikuja mwenyewe kutuambia, masizi usoni. Alisema mtu anayesimama mbele ya moto kutwa hawezi, kila gogo linamwita. Mzee alimwambia aendelee kuja kugeuza hata kama anavuta. Akaja siku mbili akiwa amenawa mpaka viwiko, kisha hakuja tena, na tulipopita mlangoni kwake alitugeuzia mgongo.

Kuanzia siku ya tano Mzee alikohoa. Karani pia alikohoa, na mimi kidogo, na nilikwenda kuuliza kwenye zahanati ya misheni, kwa sababu kuuliza ndiyo kitu pekee ninachokijua vizuri. Muuguzi alinieleza kwamba mtu akiacha, kifua huanza kujisafisha, na mwanzoni hukohoa zaidi. Karani alikohoa hivyo, akatema, akapata nafuu. Kikohozi cha Mzee kilikuwa kingine. Kilikuwa kikavu, kilimkunja, na kilikuja hasa aliporudi kutoka nyuma ya rundo la magogo, ambako alikwenda kila baada ya muda, akarudi shati limelowa na koti mkononi. Tulidhani anaona aibu kukohoa mbele yetu. Karani alisema tumwache mzee na heshima yake.

Siku ya tisa nilimkuta ameketi kwenye ngazi ya kumi na moja. Hakuwa anakagua kutu. Kila pumzi ilitoka na mlio kama kamba inayovutwa kwenye tundu, halafu kikohozi, halafu kimya kirefu ambacho nilikihesabu. Uso ulikuwa umekuwa wa majivu. Juu majani yalikuwa yamefikia wakati, na watu walikuwa wakimngoja ayashike.

Nilikuwa na sigara moja ndani ya soksi. Niliinunua Jumapili kabla hatujaanza, nikaiweka ili nijue ipo. Sikuivuta siku zote tisa, na nilijivunia hilo. Nikafikiri: kuacha ndiko kunakomuua. Amevuta maisha yake yote na kifua kimezoea, tumemnyima ghafla. Nilikuwa nimesikia maneno ya muuguzi kwa masikio yangu, na bado nilifikiri hivyo, kwa sababu maneno ya muuguzi yalikuwa zahanati na Mzee alikuwa mbele yangu. Nikaitoa. Ilikuwa imepinda. Nikamnyooshea.

Aliitazama muda mrefu. Kisha akavua koti la majani, akanipa nilishike, akaiwasha. Baada ya kuvuta mara tatu kikohozi kilitulia. Rangi ikamrudia. Nilisimama pale nikiwa na koti lake mkononi, nikafurahi kwa muda ambao sigara ile ilichukua kuisha.

Kesho yake aliwaambia wengine, "Nimevuta." Hakusema nani alimpa. Karani alimtazama, akamtazama tena, akaenda kitanda namba saba akageuza peke yake, upande mmoja, kisha akazunguka akageuza upande wa pili. Mimi nilirudi kwenye sigara wiki hiyohiyo. Mwisho wa mwezi nikaondoka. Nilimwambia Mzee nimesikia kuna kazi Kisumu. Akaniuliza Kisumu panavyonuka, kana kwamba hakuwahi kuniuliza.

Nilirudi mwaka uliofuata nikiwa utingo wa lori. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi, na nyumba zilikuwa zimeanza kuchomwa, na watu wa kutoka ziwani walikuwa wakiondoka kwenye makambi ya chai na vitu vyao wakisindikizwa. Tajiri wetu, mwenye lori, alipata kazi ya kuwabeba, na mmoja wa tuliowabeba alikuwa Karani. Nilipakia godoro lake, vipande vya kitanda, na cherehani ya mkewe ambayo gurudumu lake lilikuwa limeibwa. Hakuvaa shati safi. Kalamu haikuwa nyuma ya sikio.

Mzee alishuka kutoka kiwandani kuja kumuaga. Si wengi wa kwao waliofanya hivyo siku zile, na waliosimama kando ya barabara na fimbo walimwona. Alileta kibuyu cha mursik, akampa mke wa Karani. Kisha akasimama mbele ya Karani, akaingiza mkono mfukoni, akatoa pakiti, akampa sigara. Sidhani alifikiri. Ni kitu ambacho mwanamume humpa mwanamume mwenye msiba.

Karani alimwita jaduong', ndivyo wanavyomwita mzee kwa lugha ya kwao. "Hapana, jaduong'," alisema. "Nyumba wamechukua. Hii ya kuacha sitawaachia."

Mzee alijaribu kurudisha sigara ndani ya pakiti. Kidole hakikupata tundu, akaishia kuiweka mfukoni hivyohivyo ikavunjika. Lori lilipowashwa alikuja upande wangu, akashika ubao, akaniambia kwa sauti ya chini, "Huyo imekubali." Nilipotazama nyuma tukipanda kilima, alikuwa ameshaiwasha nyingine. Na alikuwa amevua koti.

Kwa miaka sita nilibeba ile ngazi ya kumi na moja. Nilifanya kazi nyingi, na katika kila moja niliwahi kuacha sigara na niliwahi kurudi, na kila niliporudi niliiona sigara ile iliyopinda ikitoka kwenye soksi. Nilisikia kwamba wamemteremsha, wakampa geti. Nikasikia hata geti limemshinda, yuko nyumbani. Nilisikia na sikuenda.

Nilikwenda baada ya mvua zile kubwa zilizoharibu barabara zote mwishoni mwa tisini na saba. Nilikuwa nimeacha tena. Ilikuwa siku ya tatu. Nilitembea kutoka barabarani, matope mpaka magotini, nikamkuta ameketi mlangoni kwake, benchi limeegemezwa ukutani, miguu imevimba, shingo inafanya kazi ambayo kifua kilipaswa kufanya. Alikuwa amevaa koti la majani. Mkewe alinipa kigoda na akaniambia nisimchoshe, neno moja analilipia kwa pumzi tatu.

"Mtu wa Barabara," alisema. "Unanuka matope."

Nilimsalimu, nikamuuliza shamba, nikamuuliza ng'ombe. Kisha nikasema nililokwenda kusema. Nilimwambia ile sigara ya ngazini nimeibeba, na kwamba mimi ndiye niliyemmaliza. Alikuwa amefika siku tisa na mimi nikamrudisha.

Alicheka bila sauti, na kucheka kukamgharimu. Nilingoja mpaka pumzi zikapangika.

"Wewe ulichelewa," alisema. "Mimi nilianza tena siku ya nne."

Sikuelewa.

"Koti la moshi nilichoma. Sasa ningevutia nini? Nikawa navua hili. Nasimama na shati nyuma ya magogo." Akapumzika. "Mvua ikinipiga. Wewe unafikiri ile kikohozi ilitoka wapi?"

Nilikumbuka shati lililolowa, na koti mkononi, na Karani akisema tumwachie heshima yake. Nikamuuliza kama siku hizo zote alizogeuza vitanda nasi alikuwa tayari anavuta.

"Nilikuwa navuta."

"Na kitanda kilikuwa kinakusaidia?"

"Kilikuwa kinasaidia Karani."

Mkewe alipita na ndoo. Mzee alingoja apite. "Mimi kiu yangu ilikuwa ndefu kupita kitanda," alisema. "Nikifika mwisho, inageuka na mimi."

Nilikaa nikingoja kusikia uzito ukiondoka. Miaka sita si kidogo. Haukuondoka. Ulihama tu, ukatoka kwenye soksi yangu ukaenda kukaa nyuma ya yale magogo, pamoja naye, kwenye mvua, na huko sikuweza kumfikia wala kumwomba msamaha. Na kwa sababu nilikuwa siku ya tatu, kiu ilinishika. Nadhani mkono wangu ulikwenda kwenye mfuko mtupu.

"Siku ya ngapi?" aliuliza.

"Ya tatu."

"Mara ya ngapi?"

Nikasema nimeacha kuhesabu. Alimwita mkewe, akamwambia alete majani. Mama akasema hayo ni ya kupeleka kituo cha kununulia majani, yatachubuka, yatakataliwa. Mzee alimtazama tu. Mama aliyaleta kwa kunung'unika, yale aliyochuma asubuhi, akavuta benchi jingine kati yetu, akafunua gunia juu yake na kuyatandaza.

Tuligeuza. Benchi halikuwa hata robo ya kitanda cha kiwandani, lakini kwa mwendo wake lilikuwa refu vilevile. Aliingiza vidole chini ya majani, akapumua, akainua, akapumua, akapindua. Mimi upande wangu nilimngoja. Kilima cha ng'ambo kilikuwa kimefunikwa na ukungu na mahali fulani lori lilikuwa limekwama, linanguruma. Tulipofika mwisho wa benchi niligundua kwamba nilikuwa nikisikiliza lile lori, na nilikuwa nimesahau.

Alichota konzi ya majani, akaibana, akafungua kiganja. Yalifumuka papo hapo, maana yalikuwa mabichi ya asubuhi hiyo. Akayarudisha juu ya gunia.

Kisha akaanza kuvua koti. Mkono wa kwanza ulimchukua muda. Wa pili nilimsaidia. Kulikuwa na baridi, na ndani alikuwa na shati jembamba na mifupa. Akanipa koti nilishike, akaelekeza kwa kidevu nisogee nalo, pale upande usio na upepo. Akatoa sigara kwenye mfuko wa shati na kiberiti. Hakukuwa na ghorofa tena, wala mkaguzi, wala majani ya mtu yeyote ya kuharibu isipokuwa hayo ya mkewe. Nilisogea. Nililileta koti puani. Halikunuka moshi hata kidogo. Lilinuka majani.

Alivuta, akakohoa, akavuta. Moshi ulikata kona ukanifikia palepale nilipokuwa nimesimama, na kiu ikarudi, kubwa kuliko ile ya kwanza. Nilimtazama nikidhani ataona. Alikuwa amefumba macho.

Nikalitundika koti begani. Nikarudi kwenye benchi, mwisho wa mbali, nikaingiza mikono chini ya majani, nikaanza kugeuza peke yangu, upande mmoja kwanza.